Tupeane uzoefu: picha ya viza ilikutoa jasho wapi?

Mkaa_Macho
Wakuu, habari za humu. Najaza fomu ya DS-160 ya viza ya Marekani, leo siku ya tatu. Maswali yote nimeyamaliza, hata lile la nchi ulizotembelea miaka 5 iliyopita. Kilichonikwamisha ni picha. Nilipiga kwa simu, faili likaja na MB 4, wakati wao wanataka JPEG isiyozidi KB 240, tena ya mraba, kuanzia pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200. Nikaiingiza kwenye programu ya kupunguza. Mraba nikaupata, ila badala ya kukata ziada, programu iliibana picha juu na chini. Mashavu yamejaa, shingo haipo. Mama mzazi kaniuliza huyu nani. Waliopita njia hii, leteni yenu.

Bin_Miwani
Pole mkuu. Mimi navaa miwani tangu darasa la tatu, nikiivua hata mwenyewe najishangaa. Nikapiga nayo kwa sababu jamaa yangu alipata viza zamani akiwa na yake usoni. Tovuti ikaipokea bila neno, nikatamba. Siku ya usaili ofisa akaitupia jicho mara moja tu: miwani hairuhusiwi tangu Novemba 2016. Nikatolewa kwenye foleni nikatafute nyingine. Kumbe mfumo ulikuwa umekagua faili tu, sura yangu ilikuwa inamsubiri mtu.

Mama_Kitinda
Ninyi mnajipiga wenyewe, mna nafuu. Kwenye bahati nasibu ya viza ya kuhamia Marekani kila mtoto anahitaji picha yake, hata wa wiki tatu. Nilimlaza wangu kwenye shuka jeupe, nikapanda kitandani nimpige kwa juu. Ya kwanza kivuli changu kimemfunika. Ya pili vidole vya shangazi yake vinaonekana sikioni, na haitakiwi mtu mwingine aonekane hata kidogo. Zilizofuata amefumba macho, anapiga miayo, kageuka. Nikaacha. Alipoamka ameshiba, nikasogeza shuka karibu na dirisha, nikalivuta lisiwe na mikunjo, shangazi akapiga makofi nyuma ya kichwa changu. Mtoto akakodoa. Basi, hiyo hiyo.

Fundi_Mwanga
Napiga hizi picha kwa kazi, na kinachoangusha wengi wetu ni mwanga. Ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga wa picha nzima, uso unabaki giza na macho hayaonekani. Watu wanakimbilia programu za kung'arisha, sura inatoka laini kama ya sanamu, na hapo ndipo unapokataliwa, maana kuchezea uso ni marufuku. Fanya hivi. Uso uelekee dirisha wakati jua haliingii moja kwa moja. Usiegemee ukuta, sogea mbele hatua mbili ili kivuli kisikae nyuma ya masikio. Anayepiga aguse uso wako kwenye skrini ya simu, utaona picha inapanda mwanga hapo hapo. Ukuta ukionekana mweupe kupita kiasi, usijali.

Kuhusu kipimo: kichwa, kuanzia kidevu hadi juu ya nywele, kiwe asilimia 50 hadi 69 ya urefu wa picha. Kwenye pikseli 600 hiyo ni kama 300 hadi 414. Kwa hiyo piga kwa mbali kidogo mabega yaonekane, halafu ukate. Ukipiga karibu sana hakuna cha kukata. Na Mkaa_Macho, kwenye programu yako tafuta neno la kukata, achana na la kubadili ukubwa mpaka mraba upatikane.

Ukhty_S
Fundi, na sisi wa hijabu?

Fundi_Mwanga
Ya dini inaruhusiwa dada, mradi uso wote uonekane na kitambaa kisitupe kivuli. Ushauri wangu, usivae nyeupe. Niliwahi kumpiga mteja na hijabu nyeupe, ukuta mweupe. Ukaonekana uso unaelea peke yake.

Kaka_Faili
Yangu ilikuwa safi kabisa studio, nikatumiwa kwa WhatsApp. Ilipofika imekamuliwa, kope hazionekani. Mwambieni mpiga picha aitume kama hati au kwa barua pepe.

Mjaribu_Tena
Wa bahati nasibu, msirudie picha ya mwaka jana. Inakuondoa. Lazima iwe ya ndani ya miezi 6.

Mkaa_Macho
Wakuu, nimerudi. Dirishani, hatua mbili mbele, nimekata vizuri. KB 187, imepita! Ila mume wangu anasema nimenuna kama nadaiwa.

Bin_Miwani
Nuna tu, dada. Hiyo ndiyo wanayoitaka.