Honi za treni usiku hapa Marekani: tuanzie wapi?

Jirani_wa_Reli: Wakuu, naomba ushauri. Mtaani kuna vivuko vitatu vya reli vilivyofuatana ndani ya maili moja, vyote vya umma, vina taa na mageti mawili. Kampuni ya reli inasema dereva analazimika kupiga honi. Majirani wanataka tuchange pesa twende mahakamani. Kuna njia nyingine?

TaaNyekundu: Mahakama wekeni kando. Dereva kweli hana hiari. Kanuni ya FRA (mamlaka ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia reli), inayotumika tangu Juni 2005, inamtaka apige honi sekunde 15 hadi 20 kabla ya kivuko: mbili ndefu, fupi moja, kisha ndefu anayoishikilia mpaka kichwa cha treni kiingie barabarani. Nguvu yake ni desibeli 96 hadi 110 ikipimwa futi 100 mbele ya kichwa. Kanuni hiyohiyo inaruhusu "eneo la kimya", yaani sehemu ambako honi hazipigwi kwa kawaida, lenye urefu usiopungua nusu maili, na mwombaji ni jiji au kaunti yenye barabara. Kwa hiyo mtu wenu ni mhandisi wa barabara wa jiji.

FutiMia: Kabla ya kumwona, chukueni tepu. Dawa ya bei nafuu ni kingo ya katikati ya barabara, yenye kimo cha inchi 6 au zaidi, ili gari lisizunguke geti lililoshuka. Pimeni kama kingo itafika futi 100 kutoka mkono wa geti, pande zote mbili za reli. Penye makutano ya barabara ndani ya hizo 100, futi 60 zinakubalika. Nafasi kati ya ncha ya geti na kingo isizidi futi moja. Ikizidi, pikipiki inapenya.

Mipango mingi hukwama kwenye viingilio vya magari kutoka barabarani. Kiingilio cha biashara ndani ya futi 60 huhesabiwa kuwa makutano: kifungwe au kihamishwe. Cha nyumba ya kuishi, hadi familia nne, kinaachwa.

Jirani_wa_Reli: Asante sana mkuu. Kivuko cha kati kina kituo cha mafuta futi 40 tu kutoka getini.

FutiMia: Basi hapo kingo haitapita hadi mwenye kituo akubali kuhamisha kiingilio. Akikataa, ulizeni mageti manne yanayofunga njia zote (gharama yake ni kubwa), au honi ya kusimikwa kivukoni. Hiyo ya pili bado inalia, ila inaelekezwa kwenye barabara badala ya kusambaa njia nzima.

TaaNyekundu: Kila kivuko kikipata kinga inayotambuliwa, jiji linatangaza lenyewe eneo la kimya bila kusubiri kibali cha FRA. Likitoa ilani ya kusudio, wahusika wana siku 60 za maoni. Ilani ya kuanzisha eneo hilo hutoka angalau siku 21 kabla honi hazijanyamaza. Waambieni majirani mapema: kukiwa na hatari au mafundi relini, dereva bado atapiga honi.