Naomba ushauri: riwaya za kihistoria na tawasifu za zamani, nianze na zipi?

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa vitabu vya historia vilivyoandikwa na wanazuoni, vyenye ramani, tarehe na tanbihi, na sijutii. Hata hivyo, naona kuna jambo vitabu hivyo havinipi. Ninaweza kueleza vita fulani vilipiganwa mwaka gani na nani alishinda, lakini sijui mtu aliyekuwa katikati yake aliona nini, alihofia nini na aliamini uongo gani. Kwa sababu hiyo nataka kuingia katika riwaya za kihistoria na tawasifu, hasa zile za zamani ambazo bado zinasomwa.

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, nianze na vitabu gani? Vita na Amani ya Leo Tolstoy inatajwa kila mahali, lakini unene wake unanitisha. Pili, mwandishi wa riwaya hubuni wahusika, na mwandishi wa tawasifu mara nyingi hujitetea. Sasa msomaji atajuaje la kuamini? Sihitaji orodha ndefu. Afadhali vitabu vichache na sababu za kuvisoma.

Mlinzi wa Rafu

Mleta mada, anza na kitabu kifupi: masimulizi ya maisha ya Frederick Douglass, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1845. Ni kitabu cha kumaliza kwa siku mbili, na kitakufunza namna ya kusoma tawasifu nyingine zote.

Douglass alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland. Mwanzoni kabisa anasema hajui tarehe yake ya kuzaliwa, kwa kuwa watumwa wengi waliujua umri wao kama farasi wanavyoujua wa kwao. Alipopelekwa Baltimore angali mtoto, mke wa bwana wake alianza kumfundisha herufi, mume akamkataza mbele ya mtoto mwenyewe, akieleza kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto akayashika maneno hayo. Tangu hapo akawa anabeba mkate anapotumwa nje, na kuwapa watoto maskini wa Kizungu mtaani ili nao wamfundishe kusoma. Hakuna jedwali la takwimu litakalokuonyesha utumwa kwa karibu namna hiyo.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Katika kitabu hicho Douglass anakataa waziwazi kusimulia jinsi alivyotoroka mwaka 1838, kwa sababu kueleza njia hiyo kungewazibia wengine waliokuwa bado utumwani. Ni baadaye sana, utumwa ulipokwisha kufutwa, ndipo alipoeleza kwamba alipanda treni akiwa amevaa kibaharia, na mkononi ana karatasi za baharia alizoazima. Kwa hiyo usiulize tu kama mwandishi anasema kweli. Uliza pia aliandika lini, nani angeweza kuumizwa na maneno yake, na ni wapi alipoamua kunyamaza.

Msomi wa Jioni

Naunga mkono hoja ya Douglass, lakini sikubali mtu azuiwe kuanza na Tolstoy kwa sababu ya unene. Sura za Vita na Amani ni fupi, nyingi humalizika kwa kurasa chache, na ukisoma mbili tatu kila siku utajikuta umekwenda mbali. Kinachowashinda watu hasa ni majina. Mhusika mmoja huitwa kwa jina lake, kwa jina la baba yake, kwa jina la ukoo na tena kwa jina la kudekezwa, hata msomaji akadhani Natasha na Natalya ni wasichana wawili. Chukua karatasi, andika koo nne, yaani Bezukhov, Bolkonsky, Rostov na Kuragin, kisha chini ya kila ukoo ongeza watu wake kadiri wanavyojitokeza. Ukifika kwenye mapigano ya Austerlitz hutakuwa na haja ya karatasi hiyo.

Kuhusu kuamini: Tolstoy alizaliwa mwaka 1828, miaka 16 baada ya Napoleon kuivamia Urusi, kwa hiyo hakuyaona anayoyasimulia. Lakini alikuwa ofisa wa mizinga huko Sevastopol wakati wa vita vya Crimea, na aliyoyaona huko ndiyo yaliyoipa riwaya hii uzito. Soma kwa makini sehemu ya Borodino, yale mapigano makubwa ya uvamizi huo wa Napoleon. Badala ya kutuweka kilimani pamoja na majenerali, anampeleka Pierre Bezukhov, raia mnene mwenye miwani na kofia nyeupe, hadi kwenye kituo cha mizinga. Askari kwanza wanakereka naye kwa kuwa anawazonga, halafu wanamzoea na kumfanya kama mmoja wao, huku mabomu yakianguka na yeye asijue nani anamshinda nani. Wakati huohuo Napoleon anatoa amri ambazo, zikifika zinakokwenda, hali imekwisha badilika na hazitekelezeki.

Hiyo ni hoja ya kihistoria iliyovaa joho la hadithi, na mtu ana haki ya kuipinga. Mimi mwenyewe naona Tolstoy amemchora Napoleon kwa chuki kupita kiasi. Lakini hata anayempinga atalazimika kufikiri upya kuhusu neno "ushindi" kila atakapolikuta katika kitabu cha historia. Mwishoni kabisa mwandishi anawaacha wahusika wake na kuanza kujadili nguvu zinazosukuma matukio ya dunia. Ukichoka hapo, ruka, kwani hadithi yenyewe imekwisha malizika.

Kaskazi

Ndugu zangu, mbona mnasahau kilichoandikwa kwa Kiswahili chenyewe? Mleta mada atafute maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliyoyasimulia kwa Kiswahili akiwa mzee, miaka michache kabla ya kufariki Zanzibar mwaka 1905. Ni tawasifu ya mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, na inafaa isomwe sambamba na Douglass, kwa maana hapa anayezungumza amesimama upande wa pili wa mnyororo.

Lugha yake ni ya mtu wa safari: misafara, vita, deni, pembe zilizopimwa kwa frasila, kipimo cha uzito cha zamani. Kuna mahali anasimulia alivyojipatia utawala katika nchi ya mtemi mmoja mzee, ndani kabisa ya bara, kwa kudai kwamba bibi yake, aliyetekwa zamani, alikuwa ndugu wa mtemi huyo. Mtemi akaamini, akamkabidhi nchi. Anaisimulia hila hiyo bila haya, kama mtu anayeeleza biashara iliyokwenda vizuri. Ukimaliza, jiulize ni wangapi kati ya waliobeba zile pembe wametajwa kwa majina. Msomaji asitarajie toba katika kitabu hiki, na sioni kuwa hilo linakipunguzia thamani, kwa sababu tunapata kusikia jinsi mambo yale yalivyoonekana ya kawaida kwa aliyenufaika nayo.

Kumbukumbu za Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, nazo zina hali hiyohiyo: ni hodari mno kwa maisha ya ndani ya majumba, lakini anapofika kwenye utumwa anaanza kuutetea.

Mwana wa Hadithi

Nitaongeza riwaya moja tu, Chaka ya Thomas Mofolo, iliyoandikwa kwa Kisotho. Mswada wake ulikaa kwa wamisionari wa Morija, huko Lesotho, miaka mingi kabla ya kuchapishwa mwaka 1925. Shaka aliyetawala Wazulu na kuuawa mwaka 1828 ni mtu wa historia, lakini Mofolo amemzungushia watu wa kubuni: mganga Isanusi, anayempa uwezo kwa masharti yanayozidi kuwa mazito, na Noliwe, mchumba anayempenda Chaka kwa moyo wote, na ambaye Chaka anamuua kwa mkono wake ili apate ukuu anaoutamani.

Usiisome kama wasifu wa Shaka, maana utapotea. Mofolo alikuwa Msotho na Mkristo, wa taifa lililopitia misukosuko ya vita vya zama zile, na kitabu chake kinauliza tamaa ya madaraka humfikisha mtu wapi. Kwa swali hilo sijaona riwaya ya kihistoria inayoishinda.

Mleta mada

Nashukuru sana, wakuu. Maelezo yenu yamenifungua macho, hasa hoja ya kutazama mwandishi alipoamua kunyamaza. Nina swali moja dogo: je, ipo riwaya inayochukua umbo la tawasifu, ambayo mwandishi wake anakiri wapi amebuni?

Msomi wa Jioni

Ipo, na ni nzuri sana: Mémoires d'Hadrien (yaani Kumbukumbu za Hadrian) ya Marguerite Yourcenar, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1951 na kufasiriwa katika lugha nyingi. Hadrian, mfalme wa Roma kuanzia mwaka 117 hadi 138, aliandika habari za maisha yake mwenyewe lakini maandishi hayo yamepotea. Yourcenar amejaza pengo hilo kwa barua ndefu ambayo mfalme mgonjwa, anayejua kwamba kifo kimekaribia, anamwandikia kijana Marcus Aurelius, atakayekuja kuwa mfalme baadaye. Mwandishi aliambatisha maelezo ya vyanzo vyake, akabainisha alipofuata ushahidi na alipokisia. Soma riwaya kwanza, maelezo baadaye.

Na ukishamaliza Tolstoy, chukua kumbukumbu za Jenerali Ulysses Grant, aliyeongoza majeshi ya Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alizoziandika akiwa anaumwa saratani ya koo na kuzikamilisha siku chache kabla ya kufariki Julai 1885. Huyu alikuwa kwenye kiti hichohicho cha amri ambacho Tolstoy anakidharau. Anapoeleza Jenerali Lee wa upande wa Kusini alivyosalimu amri Appomattox mwaka 1865, anasema furaha yote ilimtoka akabaki na huzuni, na kwamba walizungumza juu ya jeshi la zamani, walilolitumikia wote wawili kabla ya vita, hadi Lee akamkumbusha kilichowakutanisha.

Mlinzi wa Rafu

Kwa upande wa tawasifu, mwisho wa safari yako weka Se questo è un uomo (yaani Kama Huyu ni Mtu) ya Primo Levi, mkemia Mwitaliano wa Kiyahudi aliyefikishwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, Februari 1944. Kitabu kilikataliwa kwanza na mchapishaji mkubwa, kikatoka mwaka 1947 kwa nakala chache. Kuna sura anayokwenda na mfungwa mwenzake kuchukua sufuria la supu, na njiani anajaribu kumfasiria beti za Dante, mshairi mkuu wa Italia. Baadhi ya mistari inamponyoka, naye anasema yuko tayari kutoa supu yake ya siku hiyo ili aikumbuke. Mtu anayekufa kwa njaa ndiye anayesema hivyo.

Ila usimsome Levi mara tu baada ya Douglass. Vyote viwili ni vizito, na cha pili hutakisoma kwa utulivu kinaostahili. Weka Tippu Tip au Mofolo katikati.