Tuliosoma sayansi ya jamii vyuo vya serikali, tupeane uzoefu

Kimbweta cha Nyuma: Wakuu, habari za jioni. Dirisha la udahili limefunguliwa, mpwa wangu kachagua sosholojia, kikao cha familia kikaitishwa utadhani kuna msiba. Shangazi kauliza, "Akimaliza anakuwa nani?" Mjomba wetu mhasibu akadakia kabla mtoto hajafungua mdomo: "Mtendaji wa kijiji." Wakacheka. Mimi nilinyamaza, maana swali hilohilo niliulizwa nikiwa na HKL yangu (Historia, Kiswahili na Kiingereza) mkononi. Mliopita huko mwageni. Bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu), semina, fildi (kazi ya vitendo nje ya chuo), mtaani. Kipi kilikutoa jasho?

Mama Wawili: Semina! Mihadhara unakaa kwenye ngazi, ukumbi umejaa, unazoea. Lakini semina mnapangwa kikundi, wanaosoma wawili, waliobaki wanaleta namba ya usajili tu iandikwe. Siku ya kuwasilisha mwalimu akamnyooshea kidole mmoja wa hao: "Weber anatofautiana wapi na Marx kuhusu tabaka?" Jamaa kakohoa, kasema, "Hawatofautiani sana, wote Wajerumani."

Tozi wa Hosteli: 😂😂 Wote Wajerumani! Yuko wapi sasa?

Mama Wawili: Mkuu wa idara kwenye halmashauri moja. Mimi niliyeiandika ile kazi nauza vitenge.

Dogo Desa: Ndio maana kwenye pesa za Bodi ya Mikopo sayansi wanatangulizwa. Nyie sosho mnakariri tu madesa, notisi za kurithishana.

Binti wa Uwanja wa Ndege: Wewe Dogo, kakariri nadharia za Durkheim usiku mmoja halafu uingie UE, mtihani wa mwisho wa muhula, uone. Tena hatukukariri tu, mwaka wa tatu tukaletewa SPSS, programu ya takwimu, kompyuta moja mnazungukwa kama mgonjwa wa kuombewa.

Mzee wa Ngano: Vijana mnalia na bumu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, kisha akawafukuza karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20 palepale. Miezi michache mbele likaja Azimio la Arusha. Hapo chuoni Mlimani ndipo alipofundisha mwanahistoria Walter Rodney, na Museveni akasomea siasa na uchumi. Enzi hizo mtu wa sayansi ya jamii haulizwi atakuwa nani.

Dogo Desa: Mzee, Museveni hakukatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa Bodi.

Mzee wa Ngano: Shukuru ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Ungelia damu.

Mtu wa Dodoso: Mmetaja damu, mmenikumbusha mbali. Ngoja niwape ya fildi.

Ilikuwa miezi michache baada ya watafiti wawili wa Selian, kituo cha utafiti wa kilimo Arusha, na dereva wao kuuawa kule Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, Oktoba 2016, wakidhaniwa wanyonya damu. Mimi nikapangiwa wilaya ya jirani, mada yangu mgawanyo wa kazi ndani ya kaya. Barua zote nilikuwa nazo: ya chuo, nikapita kwa RAS (katibu tawala wa mkoa), nikashuka kwa DAS (wa wilaya), DAS akaniandikia kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akaichukua, akaifungia ofisini, akasema, "Anza tu, mimi nafika mnadani mara moja."

Kaya ya kwanza safi. Ya pili kuna bibi na wajukuu. Sasa litazameni dodoso lenyewe: mnalala wangapi? Mchana anabaki nani nyumbani? Maji mnachota wapi na saa ngapi? Nilipofika umri wa watoto bibi akanyanyuka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Hao watoto unawaandika uwapeleke wapi?" Sijajibu, akapiga ukunga.

Wakuu, sijui wale watu walitokea wapi. Fimbo, sime, mwingine na mpini wa jembe. Nikavuliwa viatu, nikakalishwa chini. Nikatoa barua ya chuo. Ya Kizungu! Jamaa mmoja kaigeuza juu chini, kasema, "Kama ni mwema kwa nini asituandikie kwa lugha yetu?" Umati ukazidi kuvimba.

Kilichoniokoa ni mwalimu wa shule ya msingi. Akasema, mnipige baadaye, kwanza kijana apande baiskeli akamlete mtendaji. Jua lilizama niko palepale, kila anayechelewa kufika anasimuliwa upya mimi ni nani. Mtendaji akaja ananukia pombe, akacheka, "Huyu? Huyu wangu." Basi. Wakanirudishia viatu, bibi akanipa uji.

Chuoni msimamizi kasoma ripoti, kauliza, "Mbona kaya chache?"

Tozi wa Hosteli: Chai, hadithi ya kutunga.

Mama Wawili: Tozi, wewe fildi ulifanyia wapi?

Tozi wa Hosteli: Kwenye benki ya baba mdogo.

Mama Wawili: Basi kaa pembeni.

Afisa Maendeleo: Siyo chai. Wadogo zangu, usianze dodoso bila mwenyekiti wa kitongoji kuongozana nawe. Mtendaji anahamishwa, mwenyekiti ni wa pale pale. Na vaa fulana ya chuo.

Binti wa Uwanja wa Ndege: Fulana ya chuo? Mimi iliniponza, wakadhani nimeleta pesa za TASAF, zile za kaya maskini. Vaa khanga kama wenzako.

Dogo Desa: Fanyia kijijini kwenu, kwisha habari.

Mtu wa Dodoso: Kwetu ndio wangenimaliza, nadaiwa mchango wa harusi.

Kimbweta cha Nyuma: Jamani, mpwa wangu nimwambie nini?

Mzee wa Ngano: Asome.

Mama Wawili: Achukue ualimu, hata ajira ikichelewa ana tuisheni.

Afisa Maendeleo: Walimu wenyewe wamejaa kwenye usaili wa Utumishi wa ajira za serikali, usimpotoshe. Sosho ashike na takwimu, miradi inawatafuta watu hao.

Dogo Desa: Ajifunze kuchomelea mageti.

Binti wa Uwanja wa Ndege: Mtu wa Dodoso, zile karatasi zilizobaki uliziokoa?

Mtu wa Dodoso: Mwalimu aliziomba. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, wanafunzi wake wakafanyia jaribio la hesabu.