Mada: Barua ya hoteli ya Mbeya yenye mhuri (naomba majibu kabla ya Ijumaa)

Kutoka: Binti Isanga, Leicester

Wapendwa, kamwene, ugonile, na shikamooni wote mnaostahili.

Nina shida na karatasi. Julai tunakwenda nyumbani, mimi, mume wangu na watoto wawili: siku sita Mbeya mjini, mbili Iringa. Wote tunasafiria pasi za huku. Nimejaza maombi ya viza mtandaoni, nimelipa dola 50 mara nne, na kwenye sehemu ya mwenyeji nikaandika jina la mama na nyumba yetu ya Isanga. Jana imeingia barua pepe: maombi yamesimama mpaka nilete uthibitisho wa malazi "wenye sahihi na mhuri". Nimepiga simu ofisi husika, sitaji jina lake, mara tatu. Wa kwanza kasema barua ya mama inatosha akiambatanisha nakala ya kitambulisho chake cha NIDA. Wa pili kasema barua ya mama haitoshi, lazima hoteli. Wa tatu akaniuliza, "Kwani Mbeya una nani?"

Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi. Mtoto akaja kuniuliza kama nimeumwa na kitu.

Hoteli yenyewe nilikuwa naitaka hata bila wao. Kwa mama kuna vyumba viwili, na kaka yupo humo na familia yake. Nimepata kihoteli cha vyumba vinane maeneo ya Forest, hizi wanazoziita boutique: vitenge ukutani, meko ya kuni sebuleni, na mtu anajibu barua siku hiyo hiyo. Ila uthibitisho walionitumia umetoka kwenye kompyuta, hauna mhuri.

Maswali mawili tu. Kuna aliyewasilisha uthibitisho usio na mhuri ukapita? Na nikifika, nitatozwa bei ya mgeni?

Kutoka: Mtoto wa Mwakaleli, Houston

Dada, butiki si duka la nguo? Ukimwambia mama yako unalala butiki atajua umekosa kodi ya nyumba.

Utani kando. Sisi wa pasi ya Marekani tunalipa dola 100, kwa hiyo wewe shukuru.

Kutoka: Mzee Uyole, Reading

Binti yangu, usihangaike na karatasi. BRP, zile kadi za ukaazi za Uingereza, zilikwisha tarehe 31 Desemba 2024, sasa kila kitu ni eVisa. Fungua akaunti yako ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, unganisha na pasi, tengeneza share code, ile namba ya kuthibitisha hadhi yako, watumie. Mhuri hautakiwi tena.

Kutoka: Mama Kalenga, Stockholm

> Fungua akaunti yako ya UKVI

Mzee wangu, shikamoo, lakini tusome kabla hatujajibu. Huyu dada ana pasi ya Uingereza. Anaomba viza ya kuingia Tanzania. Share code ampelekee nani, mama yake Isanga?

Kutoka: Mzee Uyole, Reading

Marahaba. Nilisoma kwa simu, bila miwani. Hata hivyo niliyosema kuhusu BRP ni sahihi, na kuna watu humu bado wanatembea nazo.

Kutoka: Mtoto wa Mwakaleli, Houston

Kuhusu bei ya mgeni, nina kisa. Mwaka juzi nilishuka Mbeya usiku, nikaingia hoteli moja ndogo nzuri tu, maua mlangoni. Kaunta nikaletewa kile kitabu kikubwa kilichopigwa mistari kwa rula: Jina, Kabila, Kazi, Atokako, Aendako, Sahihi. Mstari wa juu yangu alikuwa dereva wa lori, atokako Tunduma, aendako Dar. Nikajaza. Kabila, Mnyakyusa. Atokako, Houston.

Dada wa mapokezi akasoma taratibu, kidole juu ya mstari. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, bei ya Mnyakyusa ni elfu sitini. Bei ya Houston ni dola hamsini. Tuchukue ipi?"

Nilichukua kalamu nikafuta Houston nikaandika Tukuyu. Akacheka, akanipa ufunguo na kandambili.

Kutoka: Fundi Mafinga, Milton Keynes

Kaka, hicho ulichofanya kisiwe ushauri. Kitabu cha wageni kinakaguliwa na polisi. Ukiandika Tukuyu na pasi yako inasema Texas, wanaobebeshwa lawama ni wale mabinti wa kaunta.

Pili, watu wajue tofauti. Mbuga kama Ruaha zina viwango rasmi: raia, mkazi, asiye mkazi. Hilo hulikwepi. Bei ya hoteli ni biashara ya mwenye hoteli, kwa hiyo inaongeleka. Tatu, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za ndani kwa dola au kumlazimisha mtu alipe dola. Mwombe akuandikie kwa shilingi, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mimi nilifanya hivyo Iringa, bei ikashuka yenyewe kabla sijaanza kubembeleza.

Kutoka: Mtoto wa Mwakaleli, Houston

Sikutoa ushauri, nimesimulia. Na mimi ni Mnyakyusa kweli, hilo halikufutwa.

Kutoka: Mama Kalenga, Stockholm

Binti Isanga, kwa zile siku mbili za Iringa usitafute mbali. Neema Crafts wana nyumba ya wageni, na mgahawa ambao wahudumu wake wengi ni viziwi. Unaandika oda kwenye karatasi, na watoto wako watajifunza ishara ya "asante" kabla chai haijafika. Walianza 2003, wanaajiri watu wenye ulemavu, na vitu vya chumbani utavikuta vinauzwa dukani kwao. Jioni wapeleke kwenye jiwe la Gangilonga waone mji wote unavyowaka taa. Kesho yake Isimila, penye zana za mawe za kale, ni kama kilomita ishirini tu, barabara hiyo hiyo ya kwenda Mbeya. Vaa viatu, si ndala.

Na makumbusho ya Kalenga mpite. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilikaa Ujerumani zaidi ya miaka hamsini, likarudi 1954. Halikuulizwa barua ya hoteli.

Kutoka: Dada Mwanjelwa, Leeds

😂😂 Mama Kalenga!

Mimi naongezea la baridi, maana naona hakuna anayelisema. Julai Mbeya si mchezo. Mji uko juu, mita 1,700 hivi, na hoteli hizi ndogo hazina hita ya chumba. Zina blanketi. Uliza mambo haya kabla hujalipa: blanketi ngapi kwa kitanda, na switchi ya maji ya moto iko wapi. Sisi tulioga maji ya baridi siku mbili, watoto wanalia, mume wangu anasali kwa sauti. Siku ya tatu mfanyakazi wa usafi akatuonyesha switchi nyekundu nje ya chumba, koridoni, nyuma ya pazia. Ilikuwa ya chumba chetu. Tulikuwa tunaizima kila usiku tukidhani ni taa ya koridoni.

Chai ya asubuhi ilitufuta machozi, lakini. Magimbi, supu, chapati, na chai ya maziwa iliyochemshwa kweli, si ya kuning'iniza kijipakiti.

Kutoka: Mzee Uyole, Reading

Dada Mwanjelwa umenikumbusha mbali. Mnaongea hoteli kama anasa, na mimi nawaambia hoteli siku nyingine ndiyo nyumba iliyobaki.

Nilikwenda kwenye arobaini ya dada yangu. Nyumba ya wazazi ilishauzwa, tuligawana, hakuna ugomvi. Nikalala kihoteli kama hicho anachokisema binti, hatua mia mbili kutoka pale. Asubuhi nikiwa kitandani nikasikia geti linafunguliwa. Lile geti lina mlio wake, baba aliliweka bawaba za gari bovu. Nikaamka nikakaa. Nikalisikia linafungwa. Mtu mwingine anatoka kwenda kazini kwake.

Harufu ya mkaratusi unaoungua, na ukungu umekaa juu ya mlima Loleza. Sikumaliza chai.

Kutoka: Mama Kalenga, Stockholm

Pole sana mzee wangu. Mungu ampumzishe dada.

Kutoka: Fundi Mafinga, Milton Keynes

Pole mzee.

Lakini ndiyo maana nasema kila mwaka humu ndani, tatizo si mhuri. Tatizo ni Sheria ya Uraia ya 1995. Ukichukua uraia wa huku ukiwa mtu mzima, kule umeufuta. Kisha unajaza fomu ya mwenyeji kwenda kwa mama mzazi. Bunge Maalum la Katiba 2014 lilikuwa na nafasi ya kutupa uraia pacha, wakatuandikia "hadhi maalum" kwenye Katiba Inayopendekezwa, na katiba yenyewe haikupigiwa kura hadi leo. Pesa zetu zinapokelewa bila viza.

Kutoka: Mwalimu wa Njombe, Muscat

Naomba kutofautiana. Mimi pasi yangu ni ileile ya Tanzania, miaka kumi na tisa nje. Mliochukua ya huku mlichukua kwa hiari, mkafaidi foleni fupi uwanja wa ndege. Mimi nikitaka kwenda Ulaya kuhani msiba naombwa karatasi za benki za miezi sita. Kila mtu abebe mzigo wake.

Kutoka: Mtoto wa Mwakaleli, Houston

> Mliochukua ya huku mlichukua kwa hiari

Mwalimu, wewe huku hujawahi kuugua bila bima.

Kutoka: Mwalimu wa Njombe, Muscat

Nimeugua Muscat, kaka, na nililipa taslimu. Tusifike huko.

Kwa dada mwenye mada: usafiri. Panda treni ya SGR Dar mpaka Dodoma, lala, asubuhi basi la Iringa kupitia Mtera. Mnapita kwenye bwawa, watoto watafurahi, na unaukwepa mlima Kitonga na malori yake. Uanze na Iringa, Mbeya baadaye.

Kutoka: Dada Mwanjelwa, Leeds

Na watoto wawili na masanduku manane? Mwalimu, wewe una watoto?

Kutoka: Mwalimu wa Njombe, Muscat

Ninao watano. Masanduku yapunguzwe.

Kutoka: Msimamizi wa orodha

Ndugu, mambo ya uraia pacha yana mada yake tangu mwaka jana, yapelekeni huko. Hapa tubaki kwenye hoteli.

Kutoka: Dada Mwanjelwa, Leeds

Tubaki kwenye hoteli basi. Binti Isanga, umeshamwambia mama kwamba utalala hotelini? Maana hapo ndipo penye mtihani, viza ni cha mtoto. Mimi nilimwambia mama mkwe kwa simu, kukawa kimya. Kisha akauliza, "Tumekukosea nini?" Nikamweleza ni kwa ajili ya wazungu wangu hawa, choo, maji. Akasema sawa. Nilipofika nikakuta kachimba choo kipya, kaweka na mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukitumia mpaka tufike. Tulilipa hoteli usiku nne, tukalala mmoja.

Kutoka: Mama Kalenga, Stockholm

Hilo la choo limenimaliza.

Kutoka: Binti Isanga, Leicester

Asanteni wote, ndaga fijo. Mzee Uyole, pole, nimesoma ujumbe wako mara mbili kwenye basi na nimepitiliza kituo.

Nimewaandikia tena wale wa Forest. Yule dada anayejibu kasema bosi ana mhuri ila yuko shambani Chunya mpaka Jumatatu, na mhuri anao mfukoni kwa sababu uliwahi kuibiwa. Blanketi ni mbili, ya tatu ukiomba. Bei kwa shilingi amekubali bila neno, Fundi Mafinga Mungu akubariki. Ile ofisi ya viza leo hawapokei simu.

Mama nimemwambia jana. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Kauliza tu hiyo hoteli ni ya nani, nikamwambia, akasema anamjua mama yake, walikuwa wanauza viazi pamoja Soko Matola. Halafu akasema ameshanunua godoro, futi tano kwa sita, liko kwenye nailoni yake na halifunguliwi mpaka tufike.

Kwa hiyo bado naomba kujua, jamani: kuna aliyepita bila mhuri?

Kutoka: Mzee Uyole, Reading

Mhuri wa duara au wa mstatili?