Fundi bomba kaniandikia 420,000 nyumba ya Ujiji. Napigwa, au ndiyo bei ya siku hizi?

Mama Kisado

Habari za humu ndani. Mimi nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, mambo ya mabomba siyajui, naomba mnisomee hesabu hii kabla sijatoa hela iliyobaki.

Nina nyumba aliyoniachia marehemu mama kule Ujiji, si mbali na pale wageni wanapokwenda kuona kumbukumbu ya Livingstone. Wapangaji wawili, choo kimoja cha ndani cha kuflashi, na bafu. Mita iko getini. Maji yanapita chini ya uwanja mpaka nyuma ya nyumba, yanapanda kwenye tanki la lita 1,000, ndipo yanashuka ndani. Siku zote tunatumia uniti 7, zikizidi 8. Mwezi juzi ikaja uniti 14, nikawagombeza wapangaji. Mwezi uliopita, uniti 23! Hapo nikajua hili si suala la kufua.

Nikamwita fundi. Ni mtoto wa jirani yetu wa zamani, huyu nimembeba mgongoni, ananiita mama mkubwa. Kaja, kauzunguka uwanja mara mbili mikono mfukoni, kagonga ardhi kwa kisigino, kasema bomba la chini limechoka lote, ling'olewe kuanzia mita mpaka tanki. Hakufunga koki hata moja. Mita hakuiinamia. Jioni kanitumia hii:

PPR (bomba la plastiki) inchi moja, vipande 10 kwa 19,000 = 190,000
Elbo 12 kwa 2,500 = 30,000
Soketi 10 kwa 2,000 = 20,000
Geti valvu 2 kwa 25,000 = 50,000
Vidogovidogo = 30,000
Kuchimba = 40,000
Ufundi = 60,000
Jumla 420,000

Hiyo "vidogovidogo" ndiyo iliyonitoa usingizini. Mimi nikimwandikia mteja wa Dar dagaa visado kumi na vidogovidogo elfu thelathini, si atanipigia simu usiku huohuo?

Nilishampa 50,000 ya kuanzia. Uwanja nimeupima kwa hatua, kutoka mita mpaka tanki ni kama mita 24, njia imenyooka. Bei hii ni halali? Na kama si halali, namwambiaje mtoto wa watu bila kuvunja ujirani wa miaka arobaini?

Mlole Juu

Pole mama, umeshaliwa. Mimi nilibadilishiwa koki mbili za jikoni kwa elfu 70 na bado zinadondosha. Dawa ni moja tu, ita mafundi watatu, kila mmoja akupe bei yake, chagua wa katikati. Na uulize kama amepita VETA, chuo cha ufundi.

Koleo

Shikamoo mama. Mimi ni fundi bomba, niko Gungu, mwaka wa 16 huu kwenye kazi. Nitasema mengine ambayo wenzangu hawatayapenda.

Mlole Juu, mafundi watatu wanasaidia kama kazi inajulikana. Hapa kazi yenyewe haijulikani. Ukiwauliza watatu bei ya kung'oa bomba, wote watakupa bei ya kung'oa bomba. Ni sawa na kuulizia bei ya jeneza maduka matatu na mgonjwa hajafa.

Mama, anza na mita. Uniti moja ni lita 1,000. Umetoka 8 ukaenda 23, zilizozidi ni 15, yaani lita 15,000 kwa mwezi, lita 500 kwa siku. Ni ndoo ya lita 20 kila saa, usiku na mchana. Tobo dogo kwenye bomba la chini linaweza kutoa hiyo. Lakini mpira wa flashi uliochoka nao unapitisha hiyohiyo, tena kimyakimya, mtu analala chumba cha pili hasikii kitu.

Sasa fanya hivi, na ufanye wakati maji yanatoka, maana yakiwa yamekatika mita itasimama hata bomba liwe vipande viwili. Chini ya tanki lazima kuna geti valvu ya kuingilia. Ifunge. Kama kuna koki ya uwanjani kati ya mita na tanki, ifunge nayo. Nenda kwenye mita, fungua kifuniko, futa kioo kwa kidole. Namba nyeusi ni uniti, nyekundu ni vipande vya uniti, na kuna kijigurudumu kidogo kama nyota. Kikizunguka, maji yanapotelea ardhini na kijana wako yuko sahihi, mwombe radhi moyoni. Kikisimama, andika namba zote mpaka nyekundu, kaa saa moja, usome tena. Zikiwa zilezile, bomba la chini ni zima, usichimbe hata kidole.

Likiwa zima, maji yanapotelea kwenye tanki au ndani. Mtu apande aangalie boya, kama tanki linamwaga juu utaona alama ya maji ukutani. Chooni tia bluu ya kufulia kwenye tanki la flashi, usiflashi nusu saa, uchungulie sinki la choo. Bluu ikishuka yenyewe, umempata mwizi.

Sasa hiyo karatasi. Bomba la PPR linauzwa kwa urefu wa mita 4. Mita 24 ni vipande 6, weka kimoja cha akiba, 7. Kumi ni za nini? Njia umesema imenyooka: elbo ni kiungo cha kona, 12 anapinda kwenda wapi? Na mita ya nyumbani kwa kawaida ni nusu inchi, ukitoka hapo na bomba la inchi moja umelipia ukubwa ambao maji hayaujazi. Robo tatu inatosha sana kwa umbali huo.

Lakini angalia mstari wa mwisho. Ufundi 60,000, kwa kulaza mita 24, kuchomelea viungo, kupandisha kwenye tanki na kupima presha, siku mbili. Hiyo ni ndogo. Angekuandikia ufundi 130,000 ungemfukuza, sema kweli. Wateja wetu hawalipii mkono, wanalipia kitu wanachokiona. Kwa hiyo tunakubali ufundi mdogo kisha tunarudi kupitia dukani. Ndiyo "cha juu" hiyo. Nimewahi kuifanya, sijivuni. Ukitaka ife, mwambie fundi: vifaa nanunua mwenyewe, wewe taja ufundi wako wote bila aibu. Utashangaa atakavyotulia.

Dada wa Dukani

Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, nathibitisha aliyosema Koleo, na naongeza la kwetu. Fundi akija na mteja wake hunikonyeza. Akija peke yake huniambia wazi: elbo ya 1,000 niandikie 2,500. Nikikataa anavuka barabara. Na vinavyobaki anavirudisha kesho yake, anachukua hela taslimu, mteja hana habari. Kwa hiyo hata risiti si kinga kama hukuwepo.

Mama, njoo na kitu kilichoharibika mkononi, hata kiwe kichafu. Usije na jina, majina ya mafundi na yetu hayafanani, utauziwa seti nzima ya flashi kumbe ni mpira tu uliokufa.

Mwisho wa Reli

Kwa hiyo mafundi wanaiba kwa sababu sisi ni wabahili? Hiyo mpya. Mimi nikilipwa kidogo ofisini sichukui kiti nikaenda nacho nyumbani.

Koleo

Sijasema ni halali. Nimesema mlango uko wapi.

Mama Kisado

Narudi na majibu. Wiki hii mbalamwezi iko juu, wavuvi hawaingii, dagaa hakuna, nikapata nafasi ya kwenda Ujiji kukaa siku nzima.

Geti valvu ya chini ya tanki ilikuwa imeshika kutu, mpangaji mmoja kaizungusha na kitambaa mpaka ikafunga. Nikaenda kwenye mita. Nimelipa bili za mita hiyo miaka mingi, sijawahi kufungua kile kifuniko. Buibui wawili ndani. Nikafuta kioo. Kijigurudumu kimesimama kimya. Nikaandika namba kwenye mkono kwa kalamu, kama tunavyoandika hesabu za mwaloni, nikavuta kigoda nikakaa palepale saa nzima, kila mpita njia ananiuliza umefiwa? Nikasoma tena. Ileile, mpaka nyekundu ya mwisho.

Bomba la chini ni zima.

Mpangaji kapanda tankini, boya linafunga vizuri, ukuta mkavu. Tukatia bluu chooni. Sikungoja nusu saa, dakika kumi tu naona mstari mwembamba wa samawati unateremka nyuma ya sinki kama uzi. Nilicheka peke yangu humo chooni. Tukafunga maji, tukaufungua ule mpira: umepinda kama chapati iliyosahaulika juani. Nikaufunga kwenye mfuko wa dagaa, nikapanda daladala kwenda Mwanga. Dada wa Dukani, kama ni wewe uliyeziba pua, samahani. Mpira umeuzwa 3,500.

Mlole Juu

3,500 kutoka 420,000!! Mdai 50,000 yako leo leo. Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa.

Dada wa Dukani

Duka letu halikupokea mfuko wa dagaa jana, ningekumbuka hahaha.

Mama Kisado

Kwa mwenyekiti sikwenda. Mama yake alimwosha mama yangu maiti, Mlole Juu, hayo hayapelekwi ofisini.

Nilimwita. Sikumwambia kuhusu bluu wala mita. Nikamwambia: mwanangu, mpira wa flashi nimeununua, huu hapa. Ile geti valvu ya chini ya tanki imekula kutu, mpya nimeinunua, hii hapa na risiti yake. Koki ya bafu inatoa matone, nayo hii hapa. Vifaa vyote viko mezani, hakuna cha kwenda dukani. Taja ufundi wako, wote, usinionee haya.

Kaangalia vile vitu muda mrefu. Kasema elfu 40. Sikushindana. Nikamwambia: ile 50,000 uliyonayo, toa 40 yako.

Kafanya kazi. Na hapa ndipo panaponiuma, maana mkono wake ni mzuri jamani. Valvu kaifungua bila kuumiza bomba, ile tepu nyeupe kaizungusha kwa kufuata uzi, sio kinyume, kahesabu kwa sauti mpaka mara kumi na mbili. Alipomaliza kapangusa kila kiungo kwa karatasi ya chooni, kasubiri, kaitazama karatasi kama imelowa. Kwenye mita, safari hii, kaenda mwenyewe bila kuambiwa, kainama, karudi kaniangalia usoni. Hakusema kitu. Nami sikusema.

Leo siku ya saba, mita imesogea uniti 2 kasoro kidogo. Tumerudi kwenye 8.

Mwisho wa Reli

40,000 kwa mpira, valvu na koki, saa mbili za kazi? Bado umepigwa mama, sema umepigwa kwa adabu.

Koleo

Valvu ya kutu juu ya bomba la zamani, ikikatika mkononi ni hasara ya fundi. Mimi ningetaja 35,000 mpaka 45,000, nauli ya Gungu hadi Ujiji juu yangu. Mama, na lile bomba la kutoka mita, lifanyie jaribio lilelile kila ukifika kuchukua kodi. Kufunga valvu na kusoma, basi. Likianza kuvuja kweli siku moja, utakuwa na namba za kumwonyesha fundi yeyote. Na likivuja kabla ya mita, upande wa barabarani, hilo si lako, toa taarifa mamlaka ya maji waje.

Mlole Juu

Mimi hapa nimeenda kutia bluu chooni kwangu baada ya kusoma haya. Imeshuka. Koleo nicheki pembeni.

Dada wa Dukani

Na ile 10,000 iliyobaki kwenye 50,000?

Mama Kisado

Kasema ataileta mwisho wa mwezi. Sijaidai.

Jana asubuhi kapita Kibirizi, "Shikamoo mama mkubwa." Nikamwitikia marahaba, nikampimia kisado cha dagaa ampelekee mama yake, na nikamuuliza zile elbo 12 zilikuwa zinakwenda wapi. Kacheka mpaka kashika ukuta. Jibu hajanipa.