Nani abebe jukumu la kuzuia barua taka: anayetuma, anayepitisha au anayepokea?

Wakala_Bandarini
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia barua pepe za ofisi ndogo ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, na kila asubuhi nalazimika kupekua folda ya taka, kwa sababu nyaraka halali za wateja huangukia humo pamoja na matangazo ya dawa za nguvu na mirathi ya marehemu nisiowajua. Mtoa huduma wetu wa intaneti anasema yeye anapitisha tu, na ananishauri ninunue kichujio bora zaidi. Sisi mawakala hatuwezi kujitetea mbele ya TRA, mamlaka ya mapato, kwamba kontena tulilipitisha tu. Kwa nini basi gharama hii imwangukie mpokeaji, ambaye hakuomba chochote?

FundiSeva
Mkuu, mwenye hatia ni mtumaji, hilo halina ubishi. Kazi ni kumpata. Utaratibu wa SMTP, unaosafirisha barua pepe hadi leo, uliandikwa mwaka 1982, wakati watumiaji wa mtandao walikuwa wachache na wengi wao wakijuana, kwa hiyo haukuwekewa njia ya kumhakiki anayejitambulisha kwa jina la mwingine. Ndiyo maana mimi jukumu naliweka kwa mwenye mtandao ambamo barua zinatokea. Yeye ndiye anayeweza kuona kwamba kompyuta ya mteja, iliyozoea kutuma barua chache kwa siku, imeanza usiku wa manane kumwaga maelfu, na ndiye anayeweza kufunga mlango namba 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua, kwa wateja wa majumbani, ambao kwa kawaida hawana seva ya barua ya kuendesha. Novemba 2008 kampuni ya McColo ya California, iliyohifadhi mitambo ya kuongoza kompyuta za watu zilizotekwa ili zitume taka, ilikatiwa intaneti na kampuni mbili zilizokuwa zikiiunganisha, baada ya mwandishi wa habari Brian Krebs kuzifikishia ushahidi. Barua taka duniani zilipungua kwa zaidi ya nusu karibu mara moja, bila mpokeaji hata mmoja kununua kichujio.

Sheria_na_Mtandao
Ndugu FundiSeva, mfano wako ni mzuri, ila miezi michache baadaye barua hizo zilirudi kwa wingi kupitia mitandao mingine. Mwenye mtandao hatachukua hatua ya kudumu bila sheria inayombana, na sheria zenyewe hazifanani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inamruhusu mfanyabiashara kukuandikia mpaka utakapomkataza, ilhali mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2002 unamtaka, kwa kawaida, apate ridhaa yako kwanza. Hapa kwetu, kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinagusa ujumbe usioombwa, lakini kinadai kuwepo nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo. Tangazo la kero tupu linaweza kuponyoka.

Katibu_Ushirika
Mimi nina wasiwasi na wale wakubwa ambao bado hamjawataja. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wa barua nyingi wathibitishe kikoa chao, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani, kwa SPF, DKIM na DMARC, taratibu za kuhakiki kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina hilo, na malalamiko ya wapokeaji yasifikie asilimia 0.3. Masharti hayo ni ya haki, nami nimeyatekeleza. Hata hivyo, taarifa za mkutano wetu mkuu zilikataliwa kwa sababu tu seva tunayokodi ilitumia namba moja ya IP, yaani anwani ya mtandaoni, na mpangaji mwingine aliyekuwa akisambaza taka, na hapakuwa na mtu wa kumkatia rufaa. Kampuni binafsi ikishakuwa polisi na hakimu kwa pamoja, mdogo ndiye anayeumia.

Sheria_na_Mtandao
Hapo nakubaliana nawe. Upo pia upande wa fedha, ambao husahaulika: utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ukiongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, ulionyesha kwamba asilimia 95 ya dawa, bidhaa bandia na programu zilizotangazwa na barua taka walizochunguza zililipiwa kupitia benki tatu tu. Seva huhamishwa kwa siku moja, lakini kupata benki nyingine ya kupokea malipo ya kadi huchukua muda.

Wakala_Bandarini
Nawashukuru. Kwa sasa benki siwezi kuzifikia, lakini mwenye mtandao naweza kumwandikia. Nitamjuaje?

FundiSeva
Fungua vichwa vya barua, yaani mistari ya kumbukumbu inayoonyesha njia iliyopitia, utafute mstari wa «Received» ulioandikwa na seva yenu wenyewe. Mistari iliyo chini yake usiiamini, kwani mtumaji anaweza kuighushi. Chukua namba ya IP iliyomo katika mstari wa seva yenu, uitafute katika kumbukumbu za wasajili wa namba hizo, AFRINIC kama ni ya Afrika, au RIPE kama ni ya Ulaya, na humo kwa kawaida utakuta anwani ya kupokea malalamiko. Ambatisha barua nzima pamoja na vichwa vyake, si picha ya skrini.