Bakteria wa udongo: asilimia za DPPH zinafanana mno, tatizo liko wapi?

Kipimo517
Wadau, nina bakteria wanne wa jamii ya Streptomyces kutoka udongo wa shambani. Wamekuzwa siku 7 kwenye mchuzi wa peptoni, dondoo ya chachu na glukosi, kisha nikazidua (nikatoa kemikali zao, yaani dondoo) kwa ethili asetati. DPPH (radikali huru ya zambarau inayofifia ikizimwa, ya kupimia uwezo wa kuzuia oksidisho) inanipa asilimia 60 hadi 70 kwa wote, hata yule aliyeota kwa shida. Niyaamini matokeo haya?

AgariKavu
Usiyaamini bado. Aliyeota kwa shida akilingana na walionawiri, shuku mchuzi kwanza. Peptoni na chachu zina amino asidi zinazopunguza DPPH zenyewe. Tena glukosi ikipikwa pamoja nazo kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuua vijidudu), nyuzi 121, hutokea mmenyuko wa Maillard (ndio ule ukahawia unaouona), na mazao yake nayo huzima radikali huru. Chukua mchuzi uleule usiopandwa kitu, utikise siku 7 kwa nyuzi 28, uuzidue kwa kiasi kilekile, uupime. Ukikupa 50, bakteria wako wamechangia kiduchu. Safari ijayo pika glukosi kwenye chupa yake, uichanganye baada ya kupoa.

Bi Petri
Naongezea rangi. Streptomyces wengi hutoa rangi nyekundu au za zambarau, nazo hufyonza mwanga karibu na nanomita 517 unakosomea. Hapo kosa huenda upande wa pili: dondoo huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Mfano: DPPH peke yake 0.95, pamoja na dondoo 0.38, unapata asilimia 60. Lakini dondoo ndani ya methanoli bila DPPH ikisoma 0.20, uitoe, inabaki 0.18, na jibu ni 81. Kila kipimo cha dondoo kinataka kipimo chake cha rangi.

DPPH iwe milimola 0.1, ya siku hiyohiyo, dakika 30 gizani. Vitamini C iwepo kama mlinganisho.

Kipimo517
Asante. Na maji yaliyobaki baada ya uziduaji je? Nikiyaweka kwenye DPPH yanakuwa na ukungu.

AgariKavu
Maji yakizidi, DPPH haiyeyuki, inaganda vipunje, na spektrofotomita inasoma ukungu. Kwa sehemu hiyo tumia ABTS (kipimo kingine cha radikali huru, kinachofanya kazi kwenye maji): milimola 7 pamoja na potasiamu pasalfeti milimola 2.45, gizani saa 12 hadi 16, kisha izimue hadi isome 0.70 kwenye nanomita 734. Huko juu rangi nyingi za bakteria hazisumbui.

Bi Petri
Acha pia kuripoti asilimia ya kipimo kimoja. Pima viwango vitano, mikrogramu 31.25 hadi 500 kwa mililita, utafute IC50, yaani kiwango cha dondoo kinachozima nusu ya radikali. Na asije mtu akaonja: doksorubisini, dawa ya saratani inayodhuru moyo, hutoka kwa Streptomyces peucetius. Kabla ya kuzungumzia matumizi yoyote, jaribu dondoo kwenye seli hai.